Afande Akirudi Likizo

Hapa Gachoka, mwanajeshi akija likizo hatuulizi amerudi vipi. Tunauliza amebeba nini. Kwa miaka mingi bia ya kantini ya jeshi iliuzwa bila ushuru, kwa hivyo Anko akishuka steji na kreti, vijana wanaacha muguka wao na kumzunguka. "Afande, toa moja!"

Wengine wakilewa tunawaita walevi. Yeye ni afande tu. Mwaka 2014, pombe yenye methanoli ilipoua watu Embu, wazee waliwakemea wanywaji wote isipokuwa yeye. "Yake ni ya chupa," walisema.

KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Anko alienda, akarudi. Januari 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa, alikuwa nyumbani, redio imewekwa sikioni. Majirani walikuja na bia. Wakamjazia glasi, wakaongea mambo ya mpira. Nadhani hiyo ndiyo heshima yetu kwa wanajeshi: tunawanywesha ili wasituambie kitu.

Walipoondoka, cucu alizima redio, akamuuliza, "Ulikuwa unawajua wangapi?"

Anko akaanza kutaja majina. Cucu akavuta kiti karibu.