Maji Hayalali

Wengi wa rika langu, tulioingia kwenye vyumba vya dawa vya hospitali mwanzoni mwa miaka ya 1980, tumekwisha kustaafu, na wengine tumewazika. Tulianza kazi nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni zimekauka, hata sabuni ya kunawia mikono ikipatikana kwa foleni. Dripu kutoka ng'ambo zilifika kwa bahati. Ndipo hospitali kadhaa za misheni, yetu ikiwamo, zikaamua kujitengenezea maji ya dripu, na waliokabidhiwa kazi hiyo tulikuwa sisi, vijana wa miaka ishirini na kitu. Sisemi haya ili tuonewe huruma. Kazi ile ilitupa heshima, na hadi leo ninaiona kila mwenzangu anaposhika kichupa cha dawa, hata kiwe cha mjukuu wake: huyasoma maandishi polepole, mara tatu, kabla ya kukifungua.

Siku ya kutengeneza dripu ilianza alfajiri, kwa kuwasha mtambo wa kukenekea maji. Maji yalitoka tone kwa tone, yakatiwa chumvi safi gramu 9 kwa kila lita, yakachujwa, yakajazwa kwenye chupa za kioo za nusu lita, zikazibwa kwa mpira na kofia ya alumini, kisha zikaingia kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Zilipopoa, kila chupa ilishikwa kwa mkono na kupinduliwa taratibu mbele ya taa na ubao uliopakwa nusu rangi nyeusi, nusu nyeupe. Unyuzi mweupe huonekana kwenye weusi, chembe nyeusi huonekana kwenye weupe. Macho yalichoka, shingo ikakakamaa, na chupa yenye unyuzi mmoja tu ilitengwa, ingawa tulijua jasho lililoingia humo. Mkuu wetu, mzee mpole asiyepandisha sauti, alikuwa na amri moja aliyoirudia kuliko zote: maji hayalali. Maji yaliyokenekwa leo yaingie kwenye chupa leo, na chupa iingie kwenye otoklevu leo. Sababu yake aliieleza kwa subira. Bakteria wakizaliana kwenye maji yaliyolala, otoklevu itawaua, lakini mabaki yao hayaondoki kwa moto ule, nayo yakiingia kwenye mshipa, mgonjwa hushikwa na baridi kali na homa.

Tuliielewa amri ile kwa akili, kisha tukaielewa kwa aibu. Jioni moja mafuta ya taa yalituishia kazi ikiwa nusu, na maji yakalala. Asubuhi wodi ya watoto haikuwa na dripu hata moja, watoto wa kuharisha wamejaa, hivyo mimi na mwenzangu tukayajaza maji yale kwenye chupa tukijiambia kwamba usiku mmoja si kitu. Alasiri tuliitwa wodini. Mama mmoja, wala si mtoto, alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia, meno yakigongana. Dripu ilifungwa, akafunikwa blanketi, na usiku homa ikashuka, Mungu alitustiri. Mkuu wetu hakutugombeza. Alizikusanya chupa zote zilizojazwa maji yale, akatukalisha nje kwenye mfereji, na tukazimwaga moja baada ya nyingine, yeye akiwa amesimama akizihesabu mpaka ya mwisho.

Huko wodini wenzetu wauguzi walikuwa na mzigo wao. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, yakichemshwa baada ya kila zamu, na sindano iliyobutuka ilinolewa kwenye jiwe. Wagonjwa wa ukimwi walipogundulika Kagera mwaka 1983, na tulipofahamu jinsi virusi vinavyosafiri kwenye damu, kila aliyewahi kuokota sindano kwenye sufuria alikumbuka vidole alivyojidunga. Kwinini ya malaria kali ilitiwa kwenye dripu ya sukari, ikapita kwa saa nne, na ikarudiwa kila baada ya saa nane. Mashine ya kuhesabu haikuwapo. Muuguzi aliinamia kitanda, saa ya mkono karibu na jicho, akihesabu matone 42 kwa dakika ili nusu lita iishe kwa wakati, kisha akaenda kitanda kingine, na kingine.

Ninyi vijana mnaotoa dawa leo mmepokea vitu bora, na ninafurahi. Bomba hutumika mara moja na kutupwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba artesuneti ya sindano huokoa watoto wengi kuliko kwinini yetu, na nilipousoma niliwakumbuka wale tuliokesha nao wasiamke. Kuna jambo jingine mnalotushinda: mnathubutu kumuuliza daktari kuhusu dozi aliyoandika. Sisi tulimwogopa kupita kiasi, na woga ule haukuwa heshima. Ila nililazwa mwaka jana, nikaona vichupa vya dawa vimechanganywa mapema vikipangwa kwenye sinia, bila jina wala saa, vikisubiri mzunguko wa dawa. Aliyevichanganya alikuwa binti mwenye adabu na mchovu, ana wodi nzima peke yake. Simlaumu. Lakini kichupa kilichokwisha kuchanganywa hakina tofauti na maji yetu yaliyokenekwa: saa yake imeanza kukimbia, na kwa macho huwezi kuijua.

Basi ombi langu kwenu ni hili, wanangu. Artesuneti ya miligramu 60 mnaiyeyusha kwa mililita 1 ya bikaboneti, mnatikisa mpaka iwe angavu, mnaongeza mililita 5 za maji ya chumvi kwa ajili ya mshipa. Hapo hapo, kabla hamjainua mguu, andikeni saa kwenye kichupa. Saa moja ikipita hakijatumika, kimwageni.