Yatupasa Kuwafundisha Watoto Kazi ya Nyimbo



Wazazi wengine hapa Babati huuliza, "Mbona mwalimu awafundisha watoto habari za nyimbo za wazee? Je, si kuwarudisha katika upagani?" Swali hili si la kudharauliwa, maana laulizwa na watu wazipendao roho za watoto wao. Nami nalijibu hivi.

Kila wimbo una mahali pake, wakati wake na watu wake. Mtoto afundishwaye sauti tu, asiambiwe ni nani auimbaye, lini, na kwa nia gani, hajafundishwa wimbo ule.

Tuwatazame Wairaqw. Katika mikutano yao mzee hunena slufay, maombi ya heri yaliyopangwa kama mashairi, na kutano lote humwitikia. Mwanafunzi akiisha kufahamu hayo, ataielewa upesi litania yetu kanisani: mmoja hutangulia, wote huitikia. Tena atajua kupambanua. Kuitikia maombi ya amani ni adabu njema. Walakini wimbo wa kupunga pepo, au wa kumtukana jirani, una kazi nyingine, nasi hatuupokei. Asiyejua kazi ya wimbo ama atazikataa nyimbo zote, ama atazikubali zote.

Kadhalika iko lugha. Neno barabara, ukilikaza katika silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Ukilikaza katika silabi ya tatu, ni njia kuu. Tuni zilizotungwa kwa maneno ya Ulaya, zikitiwa Kiswahili, mara nyingi huangusha mkazo mahali pasipo pake, na maana hufifia.

Wala mafundisho haya si uzushi. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ya kwamba muziki wa mataifa upewe heshima ipasayo, na wamisionari wafunzwe hata waweze kuukuza mashuleni na katika ibada. Mwaka uo huo Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu.

Basi, walimu, kabla ya kufundisha sauti, fundisheni mambo matatu: nani huimba, lini, na kwa nini. Nanyi wazazi, wapelekeni watoto kwa babu na bibi wangali hai, wakaulize. Mtume Paulo aliimba kwa roho na kwa akili pia; na akili huanza kwa kuuliza.