Umeme wa Mtaa Haukuwa na Kosa

Nilimwambia mteja wangu kwamba kompyuta yake inazimika kwa sababu umeme wa mtaani kwao haujatulia. Nilimwambia kwa simu, bila kusita, kwa sauti ya fundi anayeijua kazi yake. Ulikuwa uongo. Kilichokuwa kinaizima mashine ile ni kazi ya mikono yangu, na nilianza kulishuku hilo kabla hajamaliza kunieleza tatizo. Naungama hadharani kwa sababu nafahamu mafundi wenzangu wanaofanya nilichofanya, na wateja wanaobeba gharama ya kosa lisilo lao.

Mteja mwenyewe ni kijana anayehariri video za harusi hapa Dar es Salaam. Alikuwa na Dell OptiPlex 9020 ya mnara, mojawapo ya zile kompyuta zilizotumika maofisini ng'ambo, kisha zikaletwa kwa makontena na kuuzwa Kariakoo. Ni mashine nzuri. Ni ya toleo la mwaka 2013, prosesa yake i7, bati lake gumu, na inastahimili vumbi na joto letu kuliko nyingi ninazoletewa zikiwa mpya. Ila ilitengenezwa kwa ajili ya mhasibu na karani. Pawa saplai yake ni ya wati 290, na haina hata plagi moja ya kulisha kadi ya grafiki, maana waliyemfikiria walipoiunda hakuwa mtu wa kuhariri video usiku kucha.

Kijana akaja na kadi ya grafiki, RTX 3060 ya feni tatu, ameiviringisha kwenye taulo. Alikuwa amejinyima mengi kuipata. Akaiweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili na kuniuliza, "Kaka, hii itakaa kwenye mashine yangu?"

Jibu la haki lilikuwa hapana. Nilimjibu, "Itakaa tu, mdogo wangu." Nilijua nikimkatalia atavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine, na huyo atakubali. Lakini si pesa peke yake. Nilikuwa naona aibu kusema kuna kazi ya kompyuta inayonishinda.

Kwa upande wa nafasi, kweli niliifanya ikae. Nilipima kwa rula kutoka nyuma ya kasha, nikaona mkia wa kadi unagota kwenye kizimba cha diski. Nikatoa ubao mama wote ili chembe za chuma zisiuangukie, nikakata ukingo wa kizimba kwa msumeno wa chuma na kuulainisha kwa tupa. Diski iliyokuwa ndani ya kizimba nikaihamishia chini, nikaibandika kwa gundi ya pande mbili. Kadi ikaingia kwenye sloti na kile kilango cha pembeni kikalia "ta", mlio ambao fundi yeyote anaupenda. Feni zake tatu zilitazama chini, na kati yake na sakafu ya kasha hapakuwa na nafasi ya kutosha hewa kuzunguka. Niliona. Nikasema moyoni kwamba mashine itapumua hivyo hivyo.

Mfuniko wa ubavu ukakataa kufunga. Kwenye kadi hizi plagi ya umeme mara nyingi hukaa mgongoni, hivyo waya unaoingia pale hutokeza kuelekea mfuniko. Nikaukunja waya kwa nguvu mpaka ukalala, nikausukuma mfuniko kwa goti, nikakaza skrubu. Yote haya niliyaona kuwa ni ufundi, na nilijivunia.

Kosa lenyewe lilikuwa katika waya huo nilioukunja. Kadi ile inataka plagi ya pini nane, na mashine haikuwa nayo. Nilichukua adapta ya bei rahisi, upande mmoja plagi ya pini nane, upande wa pili plagi ya SATA, ile pana na nyembamba inayolisha diski. Nikaichomeka. Inaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa hakuna kinachokuzuia.

Hesabu yake haihitaji chuo. RTX 3060 hula wati 170 ikifanya kazi kwa bidii. Sloti ya ubao mama hutoa wati 75 tu, haizidi hapo. Zinabaki wati 95 zinazopaswa kupita kwenye ule waya. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini imepewa ampea moja na nusu; jumla ni ampea nne na nusu, yaani wati 54. Niliilazimisha plagi ya wati 54 ibebe 95. Tena hiyo ni kadi peke yake. Ukijumlisha prosesa ambayo nayo imepimwa kwa wati 84, halafu diski, feni na vingine vyote, pawa saplai ya wati 290 inakuwa imebanwa shingoni. NVIDIA wenyewe wanapendekeza wati 550 kwa kompyuta yenye kadi hii. Namba hizo zimeandikwa, mtu yeyote anazipata. Mimi nilizijua na sikuzijumlisha, kwa sababu kuzijumlisha kungenilazimu kurudisha kazi.

Niliiwasha, ikawaka. Kadi ikatambulika, nikacheza video mbele ya kijana, akatabasamu. Hilo halikuwa jaribio. Kadi ikionyesha tu picha kwenye skrini haifiki hata robo ya njaa yake. Ni wakati wa kurenda, yaani kuitoa video iliyohaririwa ikiwa faili kamili, ndipo inapanda mpaka juu na kukaa huko. Jaribio la kweli lilikuwa kuibebesha mzigo wote kwa muda mrefu, mfuniko ukiwa umefungwa, katika joto la mchana. Sikulifanya. Na kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Alipokwenda kunitolea hela, nilifungua mfuniko nikagusa ile plagi ya SATA. Ilikuwa na joto. Halikuwa la kuunguza kidole, lakini plagi ya diski haina sababu ya kuwa na joto hata kidogo. Nikafunga mfuniko kabla hajarudi.

Haukupita muda mrefu akanipigia simu. Mashine inazimika akiwa katikati ya kurenda. Ilikuwa ni pawa saplai inajizima ili isiungue. Hapo ndipo niliposingizia umeme wa mtaani. Akaniamini, maana nani Dar hajawahi kuulalamikia umeme? Akaenda kununua stabilaiza kwa hela yake, na baadaye akanitumia ujumbe wa kunishukuru kwa ushauri. Shukrani ile naikumbuka kuliko lawama zote nilizowahi kupewa.

Stabilaiza haikusaidia, wala isingeweza. Aliporudi alikuja amebeba mashine, na kabla sijaifungua nilinusa plastiki iliyoungua. Plagi ya SATA ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi upande mmoja, waya wa njano umevuliwa ngozi yake kwa joto. Diski ya kazi zake ilikuwa inalishwa na shada hilohilo la waya. Ilikuwa imekufa.

Katika diski ile kulikuwa na harusi ya watu. Sherehe yenyewe ilikuwa bado kwenye kadi za kamera, hakuwa amezifuta. Lakini send-off ya bibi harusi ilishahamishiwa kwenye diski na kadi zake kutumika kwingine. Mama akimkabidhi binti yake, wazee wakitoa nasaha, mashangazi wakicheza na zawadi vichwani: yote yalikuwa humo. Tulipeleka diski kwa anayejua kufufua data. Hakupata kitu.

Nilimweleza kijana ukweli wote akiwa amekaa kwenye kigoda changu, adapta iliyoyeyuka ikiwa mbele yetu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo umeme wa kwetu ulikuwa mzima?" Nikamwambia ulikuwa mzima. Ningependelea anitukane.

Nilikwenda naye nyumbani kwa familia ya bibi harusi, kwa sababu sikutaka alibebe jina baya peke yake. Nikasema pale sebuleni kwamba kosa ni langu, nikaeleza nilichofanya. Mama mzazi hakunifokea. Aliomba tu namba za wageni waliokuwapo, na jamaa wakaanza kutuma vipande walivyorekodi kwa simu zao. Kijana akaviunganisha. Ni video fupi, picha zinatikisika, sauti ya muziki inafunika nasaha za wazee. Wameipokea. Sitajidanganya kwamba inalingana na iliyopotea.

Kadi yenyewe ilinusurika. Tuliiuza, nikanunua pawa saplai na diski nyingine kwa hela yangu, nikarudisha malipo ya ufundi na bei ya stabilaiza, nikamfungia GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada. Hiyo inatosheka na wati 75 za sloti, ni fupi, na inaingia pasipo msumeno. Inarenda polepole kuliko ile, ila inamaliza kazi.

Tatizo hili litaongezeka. Kadi zinazidi kukua: RTX 4090 iliyotoka mwaka 2022 ina urefu wa milimita 304, inaziba nafasi ya sloti tatu na inakula wati 450, wakati makasha tunayoyanunua kwa mitumba yalipimwa kwa kazi za ofisini. Vijana wetu wanaohariri video, wanaochora majengo, wanaocheza gemu, wataendelea kuja na kadi walizojinyima kuzipata. Mimi sasa najumlisha wati mbele ya mteja, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kushika bisibisi. Jumla ikikataa namwambia imekataa. Wengine huondoka na kwenda ng'ambo ya barabara. Nawaacha waende.

Kama una kompyuta ya ofisini iliyofungwa kadi kubwa, izime sasa na uchomoe waya wa ukutani. Fungua ubavu, ufuate kwa kidole waya unaotoka kwenye kadi mpaka mwisho wake. Ukikuta umeishia kwenye plagi pana na nyembamba ya diski, usiiwashe tena mpaka adapta hiyo itoke. Na kama aliyekufungia ni mimi, niletee. Sitakutoza kitu.