Jina Nililoliruka

Nilipokuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo, nilimnyima bibi mmoja Komunyo Takatifu kwa kuliacha jina lake nje ya orodha ya wagonjwa. Sikusahau. Nilifika kwenye jina lake, nikalitazama, nikaliruka. Kosa hili nimekwisha kuliungama mbele ya padre na maondoleo nimepewa. Naliandika hapa kwa sababu wako wenyeviti na makatibu wengi wanaoshika daftari kama lile nililolishika mimi, na wapo ambao wiki hii watafika kwenye jina kama lile.

Jumuiya yetu iko Mwanza, kwenye kimojawapo cha vile vilima vya mawe ambako nyumba zimepandana juu ya majabali, na njia ni ngazi zilizopangwa kwa mawe yenyewe. Kanisa liko chini, karibu na barabara. Kijana hushuka upesi. Mwenye magoti mabovu hata akiweza kushuka, hana hakika ya kupanda tena. Tunasali Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, na mara nyingi tunapokelewa na wale wa chini, wenye ua wa kutosha watu.

Mwenyekiti wa jumuiya ana mamlaka kuliko anavyodhaniwa. Barua ya kubatiza mtoto inaanzia kwake. Ndoa inaanzia kwake. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayeulizwa kama marehemu alikuwa mwanajumuiya. Na kila mwezi, kabla ya Ijumaa ya kwanza, yeye hupeleka parokiani majina ya wagonjwa na wazee ili padre au wahudumu wa Ekaristi wawafuate nyumbani.

Nilikuwa na bidii, na bidii yangu niliipima kwa daftari. Mahudhurio, zaka, mavuno, mchango wa ujenzi, vyote viliandikwa kwa mwandiko safi. Taratibu nikawa nawagawa watu mafungu mawili kichwani: walio hai na wasio hai. Bibi yule hakuwa ameonekana jumuiya kwa muda mrefu, na kadi yake ya zaka ilikuwa tupu. Katibu alipomtaja tulipokuwa tunaandaa orodha, nikasema, "Huyo hatumwoni jumuiya. Akihitaji huduma, atajitokeza." Tukaendelea na jina lililofuata. Miezi iliyofuata hatukumtaja tena, kwa sababu orodha mpya tuliinakili kutoka kwenye ile ya zamani.

Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo, si paroko wala halmashauri ya walei. Hata kwenda kumtazama sikwenda, ingawa njia ya kwake inapita nyuma ya nyumba yangu. Nilijiambia kwamba natenda haki. Wapo akina mama wanaouza dagaa na mboga ambao huifunga zaka yao kwenye ncha ya khanga tangu mwanzo wa mwezi. Je, wawe sawa na asiyetoa kitu? Hoja hiyo ilinitosha, nikalala usingizi.

Kanisa lina haki ya kutegemezwa na watu wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inautaja wajibu huo waziwazi katika kanuni ya 222, na mimi nauamini hadi leo. Katekista ana watoto wa kulisha, paa likivuja lazima lizibwe, na hata hostia na divai hununuliwa. Lakini sheria hiyohiyo, katika kanuni ya 843, inasema kwamba wahudumu watakatifu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio tayari kuzipokea na wasiozuiliwa na sheria. Kanuni ya 848 inaongeza kwamba mhitaji asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kama padre mwenyewe hana ruhusa ya kumzuia mtu wa namna hiyo, mimi niliyeshika kalamu niliipata wapi?

Alikuja padre msaidizi mpya. Jumamosi moja alisali nasi, na mwisho wa sala nilikuwa nimekwisha kumwandalia daftari mezani. Hakuliomba. Aliuliza, "Ni nani katika jumuiya hii ambaye hata akitaka hawezi kufika hapa?" Watu wakatazamana. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akasema, "Baba, kuna bibi kule juu. Magoti yalimshinda zamani." Padre akanigeukia, akataka kujua kama yumo kwenye orodha. Nikajibu, "Nitaangalia, Baba." Nilikuwa najua. Hilo nalo niliungama, kwa maana ulikuwa uongo.

Ijumaa ya kwanza tulipanda. Tulimkuta ameketi, meza ndogo imetandikwa kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa juu yake. Mjukuu wake alitueleza kwamba kila Jumapili humfungulia Misa ya Radio Maria. Injili inaposomwa, bibi husimama akishikilia fremu ya mlango. Wakati wa Komunyo hupunguza sauti ya redio, akafumba macho na kusali komunyo ya tamaa, ile sala ya kumkaribisha Bwana rohoni pale mtu asipoweza kumpokea katika Sakramenti. Mimi nilikuwa nimemwandika kuwa si hai. Kumbe Jumapili baada ya Jumapili alikuwa akimngojea Bwana, na aliyeifunga njia ni mimi.

Padre alitutoa nje ili bibi aungame. Tuliporudi, alipokea. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwenyekiti, nisamehe mwanangu. Jumuiya nimewaangusha. Na zaka sijatoa." Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema ukweli, mbele ya padre na mbele ya Bwana aliyekuwa ameingia nyumba ile. Nikasema, "Usijali, bibi. Tumekusamehe."

Kati ya yote niliyoyatenda, sentensi hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Niliyemkosea ndiye aliyeniomba msamaha, nami nikampa kana kwamba nilikuwa na wa kutoa. Nilikusudia kurudi peke yangu kumweleza. Nikaahirisha, mara kwa sababu ya kazi, mara kwa sababu ya mvua. Alifariki kabla sijapanda tena. Alipata Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya mwisho, na kwa hilo namshukuru Mungu na padre yule. Mimi sina sifa yoyote katika hilo.

Baada ya mazishi nilirudi kwenye sura ya kumi na moja ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa karibu mwaka 55. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kwenye jumuiya, hasa lile onyo la Paulo kwamba anayekula na kunywa bila kuupambanua mwili wa Bwana anajiletea hukumu. Siku zote nililielekeza onyo hilo kwenye dhambi za mtu binafsi: ulevi, uzinzi, chuki. Kabla ya Pasaka niliungama hasira na uvivu wa kusali. Daftari langu halikuwahi kunijia akilini kama mahali pa dhambi. Lakini Paulo anaanza na meza. Katika Korintho wenye chakula walikula bila kuwangoja wenzao, mmoja akawa na njaa na mwingine amelewa, na wasio na kitu wakaaibishwa. Aliwaambia kwamba wanachokula hapo si chakula cha Bwana tena. Waliikosea Ekaristi kwa namna walivyomtendea maskini waliyekusanyika naye, na hilo ndilo nililolifanya mimi, tena mimi sikumpa hata nafasi ya kukaa mezani.

Mtakatifu Yustino Shahidi alieleza karibu mwaka 155 jinsi Wakristo walivyokusanyika siku ya Jumapili. Baada ya sala ya shukrani, waliohudhuria walipokea, na mashemasi wakawapelekea wasiokuwepo. Wenye uwezo walitoa kadiri walivyopenda, na makusanyo yakawekwa kwa kiongozi wa ibada ili awasaidie yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Nilipousoma utaratibu huo niliona jinsi nilivyougeuza. Kwao Ekaristi ilitoka kumfuata asiyeweza kufika, na sadaka ikaenda kwa mjane. Kwangu mjane alitakiwa atoe kwanza na afike kwanza, ndipo Ekaristi imfuate.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba sadaka ya Ekaristi ndiyo chemchemi na kilele cha maisha yote ya Kikristo. Fundisho hilo nililijua kwa kichwa na kulirudia kwenye semina. Maishani nilishika nusu yake. Niliifanya Komunyo kuwa mahali mtu anapofika baada ya kuhudhuria, kutoa na kuhesabiwa. Sikukumbuka kwamba nguvu ya kuhudhuria na moyo wa kutoa vinatoka hukohuko altareni. Nilimdai bibi matunda huku nimemfungia maji.

Na hizi jumuiya zetu zilianzishwa ili kuzuia jambo kama hili. Maaskofu wa Afrika Mashariki katika umoja wao wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walitaka maisha ya Kanisa yajengwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi, katika vikundi vidogo ambamo kila mtu anafahamika. Parokia yenye maelfu ya waamini inaweza isijue magoti ya nani yamechoka. Jirani anajua. Mimi nilikuwa jirani huyo, na ujirani wangu nikautumia kuhesabu waliokosa.

Naamini, kama Kanisa linavyofundisha, kwamba katika Ekaristi Kristo yumo kweli, mwili na damu, roho na umungu. Imani hiyo hainipi nafuu katika kosa hili, inalizidisha uzito. Nilichomnyima bibi hakikuwa huduma ya kikundi. Nilisimama kati yake na Bwana. Na kila Jumapili padre alipoinua hostia mbele yangu na kusema, "Mwili wa Kristo," nilijibu "Amina" bila kusita. Mtakatifu Augustino aliwafundisha waliobatizwa karibuni kwamba fumbo lililo juu ya altare ni fumbo lao wenyewe pia, kwa kuwa wao ni viungo vya Mwili huo. Basi Amina yangu ilimkubali na yule wa juu ya mawe. Niliitamka, nikarudi nyumbani, nikaiacha orodha ilivyo.

Nilimweleza binti wa bibi yule kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama alidhani mmemsahau. Hakujua kwamba mlimkumbuka." Sikuwa na la kumjibu, na hadi sasa sina. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya jumuiya na kueleza nilichokifanya. Wengine walinionea huruma, wengine walikasirika, na waliokasirika walikuwa na haki. Muda wangu ulipoisha sikugombea tena. Kabla ya hapo tulikubaliana mambo machache ambayo yanaendelea hadi leo.

Orodha ya wagonjwa imetenganishwa na daftari la michango, na anayeishika hashiki fedha. Kila mwezi inaandikwa upya kwa kuuliza nyumba hadi nyumba, hainakiliwi. Mtu asipoonekana jumuiya mara kadhaa, anatembelewa kabla ya jina lake kuwekewa alama yoyote. Wagonjwa na wazee wanaelezwa kwamba saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haiwabani, wala haiwabani wanaowauguza, maana tuligundua baadhi yao walijiona hawafai kwa sababu walikuwa wamekunywa uji. Mgonjwa akizidiwa, padre anaarifiwa siku hiyohiyo, kwa kuwa Kanisa linaagiza Komunyo ya mwisho isicheleweshwe. Zaka inaendelea kukusanywa, na asiyeweza kutoa anaandikwa kwenye orodha ya wa kusaidiwa.

Nakuomba wewe uliyeshika daftari la jumuiya yako: kabla hujapeleka orodha ya Ijumaa ya kwanza, chukua ya mwaka jana uisome pamoja na hii, umtafute kila aliyetoweka. Wengine utaambiwa wamehama, wengine wamefariki. Ukikuta aliyeko nyumbani anangoja, nenda kwake wewe mwenyewe, na kama ni wewe uliyemwacha, mwambie hivyo angali anakusikia. Kisha mpelekee padre jina lake. Mimi niliyafanya haya nikiwa nimechelewa, na mtu niliyepaswa kumwomba msamaha namwombea sasa katika Misa, pale pale nilipomnyima nafasi.