Karatasi ya Katikati

Kila asubuhi watoto tisini na saba walisimama wakaniamkia, nikaitikia marahaba, nikawauliza hamjambo, nao wakajibu kwa sauti moja: "Hatujambo, mwalimu!" Wakakaa, tukaanza somo. Nilianza kazi mwaka 2009 na sikuwahi kujiuliza kama jibu lile lilikuwa la kweli. Nyumbani nafuga kuku watano tu, na hata hao sijawahi kuwakuta wazima wote wiki nzima.

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Nyuma ya mgongo wangu watoto waliniita Mama Mpera, kwa sababu fimbo yangu ilikuwa ya mpera na haikukosa mkononi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Nilizijua tangu chuoni. Lile daftari maalumu sikuwahi kulifungua.

Mwaka 2023 madaftari ya darasa langu yakaanza kupungua kurasa. Mwizi hakugusa za mwanzo wala za mwisho. Alichukua ile karatasi ya katikati, penye pini, ambayo ukiichomoa taratibu daftari halionyeshi kitu. Ilinichukua karibu mwezi kugundua. Siku wenzake walipomfuma, alimpiga mmoja ngumi mpaka mdomo ukapasuka. Mvulana wa miaka tisa, mdogo wa umbo, asiye na maneno mengi. Nikamuuliza kwa nini. "Sijui." Nikamchapa. Hakulia, midomo ilivutika tu kama anayetaka kucheka, mimi nikaiona dharau, nikaongeza. Vilizidi vinne.

Kuna jambo sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu. Asubuhi ile, kabla sijavaa viatu, nilipigiwa simu na yule wa mkopo. Walimu wenzangu wanajua ninachosema: kausha damu. Unachukua laki tatu kwa shida ya siku moja, kadi yako ya benki inabaki kwao, na mshahara ukiingia wao ndio wa kwanza kuuona. Nilifika shuleni nikiwa nimeshatukanwa.

Wiki chache baadaye tulikutana kituo cha walimu kwa mafunzo yetu ya kazini, MEWAKA. Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mwenzetu wa shule ya jirani. Akatuuliza habari za asubuhi, tukaitika "Salama!" kwa pamoja, akacheka peke yake. Kisha akagawa vipande vya karatasi. Tuandike, bila majina, mara ya mwisho tulipomchapa mtoto asubuhi yetu ilikuwaje kabla ya kufika shuleni. Nilikaa na kalamu mpaka wengine wakamaliza. Alipozisoma kwa sauti niliinamisha kichwa nikijua yangu itajulikana. Haikujulikana, maana karatasi za mikopo zilikuwa nne. Nyingine ilikuwa ya mume asiyelala nyumbani, nyingine ya mtoto aliyelazwa. Hakuna hata moja iliyoanza na kosa la mwanafunzi.

Nikakumbuka kwamba nilipoanza kazi tulikuwa na somo lililoitwa Haiba na Michezo. Kwetu kipindi hicho kilikuwa cha kufagia uwanja, au cha mwalimu kumalizia kusahihisha. Neno haiba lilikaa kwenye ratiba miaka yote ile na sisi tukalipita.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Leo mwalimu amekuja na hasira. Si zenu, nimetoka nazo nyumbani." Wakanyamaza kabisa. Kisha msichana wa dawati la mbele akasema polepole, "Pole, mwalimu." Nikageukia ubao na kuandika tarehe, nikaikosea.

Nikaanza na makopo sita ya maziwa ya unga, nikayapanga mlangoni. Kila moja nililibandika neno kwa manila: furaha, hasira, huzuni, hofu, wivu, aibu. Vizibo vya soda tulikuwa navyo vya kuhesabia, basi kila mtoto anayeingia anadondosha kimoja kwenye kopo lake la siku hiyo. Wiki ya kwanza kopo la furaha lilifurika, maana walidhani ni mtihani na furaha ndilo jibu sahihi. Kuwaeleza kuwa hakuna jibu la kupata vema kulinichukua muda kuliko kugawanya kwa tarakimu mbili. Wivu waliuelewa haraka. Kopo la aibu likakaa tupu.

Siku ya kumi na moja kikalia kizibo kimoja ndani yake. Niliuona mkono uliokidondosha. Mapumziko nikamwita yule mvulana chini ya mwembe, nikakaa kwenye mzizi ili tuwe sawa kwa kimo. Sikumuuliza kwa nini. Nilimuuliza, "Aibu ya nini, baba?"

"Daftari limeisha."

Lini? Kabla ya Pasaka. Ada tulishaondolewa, lakini madaftari na sare ni vya mzazi, na bibi yake alimwambia asubiri. Akasubiri, mpaka akaona haya kusubiri. Na mbona zile za katikati? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Zile hazijaandikwa, mwalimu." Hakutaka kumharibia mtu kazi yake.

Nisionekane nimekuwa malaika. Muhula uliofuata niliichukua fimbo mara mbili, na mara zote mbili simu ilikuwa imelia asubuhi. Mwenzangu mmoja bado anasema nawalea kama mayai. Mama mmoja alikuja kunishtaki kwamba nimemfundisha binti yake kiburi, eti alipogombezwa mbele ya wageni alijibu, "Mama, naona aibu, tuongee ndani." Na yapo yanayotoka kwenye makopo ambayo mwalimu hayawezi. Mtoto aliyeweka hofu siku sita mfululizo nilimpeleka kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, na usiku huo sikulala. Lakini ugomvi wa rede uwanjani siletewi tena kila mapumziko. Nimewakuta wasichana wawili wakipumua huku wanahesabu vidole, kama tulivyofanya darasani, halafu wakaendelea kutukanana kwa sauti ya chini. Nikawaacha.

Mkopo niliumaliza Desemba. Mvulana yuko darasa la tano sasa, si wangu tena. Mwezi uliopita alikuja mlangoni kwangu wakati nasahihisha, akasimama mpaka nilipoinua kichwa.

"Shikamoo, mwalimu. Daftari la hisabati limebakiza kurasa nne."

"Marahaba. Nimesikia."

Akakimbilia kengele.