Nyumba Isiyohamika

Nyumba ya babu yangu mzaa baba ipo Bulyaga, kata ya mjini Tukuyu ambayo ukiiacha barabara kidogo tu unajikuta kijijini: migomba, kahawa iliyozeeka, ng'ombe wawili watatu wa maziwa, na siku hizi parachichi kila penye nafasi. Ina vyumba vinne, ukumbi katikati na baraza mbele. Kuta zake ni za mawe meusi ya volkano, na unene wake ni kuanzia ncha ya vidole vyangu hadi kwenye kiwiko. Juu ya mlango wa mbele, kwenye lenta, mtu aliandika kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi: 1957. Jina hakuna. Mwaka tu.

Nyumba hii ina kesi. Si ya mahakamani, ni ya ukoo. Baba mkubwa alitaka ibomolewe, pajengwe nyumba ya tofali za saruji yenye vyumba vya kupangisha. Baba alitaka ibaki kama ilivyo, asiguse mtu. Shangazi, ambaye ndiye anaishi humo, kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza. Mimi, kwa kuwa ni mwandishi wa habari, niliambiwa niandike historia ya nyumba "ili watu wajue." Nilidhani nitaandika kuhusu mawe. Kumbe habari yenyewe ilikuwa ni kuhama.

Maana Wanyakyusa wa zamani hawakuwa watu wa mawe, ingawa mawe yalikuwa kila mahali. Tunaishi miguuni pa mlima Rungwe, volkano iliyolala yenye urefu wa karibu mita 2,960. Hapo jirani, mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, tao la mwamba wa volkano ambalo halikujengwa na fundi yeyote. Ukichimba shimo la choo Bulyaga unakutana na jiwe. Lakini nyumba ilikuwa ya mianzi. Mskochi Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 alizisifu sana nyumba za huku, usafi wake na kivuli cha migomba yake. Zilikuwa nyumba za mafundi. Mwanzi ulikuwepo, nyasi za kuezekea zilikuwepo, udongo wa kukandika ulikuwepo, na majirani wa kusaidia walikuwepo. Nyumba ikichoka, unajenga nyingine.

Na mara nyingi ile nyingine ilijengwa mahali pengine. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza jambo ambalo wazee wetu hawakuona haja ya kulieleza. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi au kumi na moja alitoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda na wenzake wa rika moja, pembezoni mwa kijiji. Aliendelea kula kwa mama, lakini kulala alilala kwake. Wale vijana walikua pamoja, wakaoa, wakaleta wake zao pale pale, na kibanda cha watoto kikawa kijiji. Kisha kila kizazi kulikuwa na ubusoka, sherehe ya kukabidhi utawala na ardhi kwa vijana, na wazee wakasogea pembeni. Watu walisogea, na nyumba ikasogea nao.

Kuhama kulikuwa pia dawa ya ugomvi. Mtu akishutumiwa uchawi, au akiona majirani wamemchoka, alifungasha akaenda kuanza upya kwa watu wengine. Nyumba ya mianzi haikumzuia. Hakuacha nyuma kitu cha kumfanya ageuke.

Jiwe lilikuja na watu waliokusudia kubaki bila kuulizwa. Mwaka 1891 Wamoraviani walifungua misheni yao Rungwe, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Wajerumani ilihamisha makao yake kutoka ziwani, mahali palipoitwa Langenburg kwa heshima ya mtukufu mmoja wa kwao, ikayaleta juu hapa penye baridi na kupaita Neu Langenburg, yaani Langenburg mpya. Hapo ndipo Tukuyu. Boma lilijengwa nene, kama watu wanaotarajia kukaa miaka mia moja. Mei 1916 jeshi la Waingereza likapanda kutoka Nyasaland, Wajerumani wakaondoka. Boma halikuondoka. Limeendelea kutumika kama ofisi za serikali, bendera zikibadilika juu yake. Kwa hiyo mtoto wa Kinyakyusa aliyezaliwa miaka ya 1920, kama babu, alikua akijua kwamba nyumba ya mawe ni ya mzungu: ama mmisionari, ama bwana shauri.

Babu aliipata yake kwa njia ya Johannesburg. Vijana wengi wa Rungwe wa wakati wake walikwenda kutafuta pesa mbali. Wapo waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, wapo waliokwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wapo waliochukuliwa na Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini hadi Tanganyika huru ilipokataa. Babu alikwenda na Wenela mara mbili. Alirudi na blanketi, baiskeli, kikohozi ambacho hakikuisha, na pesa ya bati. Mawe yalikuwa ya bure. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameyapasua chini ya ardhi kwa faida ya watu wengine, kwa hiyo alijua jiwe linapasukia wapi.

Hebu niieleze nyumba yenyewe, maana wengi wanaiona kama rundo la mawe lililopangwa. Ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati pamejazwa vijiwe na udongo. Kila baada ya hatua moja hivi pana jiwe refu linalopenya ukuta wote na kuzishika nyuso zote mbili zisiachane. Kwenye pembe yapo mawe makubwa yaliyochongwa, yanapishana moja juu ya jingine. Msingi umepandishwa hadi magotini ili maji yasiguse ukuta, na bati limetokeza mbele kiasi cha mkono mzima. Hayo si mapambo. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na adui wa nyumba huku ni maji.

Adui wa pili ni ardhi yenyewe. Tupo kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa kama 7.4 lilipiga upande wa Rukwa, na hata leo ardhi huku hutikisika mara kwa mara. Ukuta wa mawe na udongo bila nondo hauvumilii mtikisiko mkubwa. Fundi wa babu aliujenga mnene na mfupi, akaweka milango na madirisha machache, madogo, mbali na pembe. Sisi wajukuu tulikuwa tukiicheka nyumba kwa ufupi wake. Fundi alikuwa anaogopa, na aliogopa kitu cha kweli.

Mahali ambapo nyumba imeumia ni pale tulipoiremba. Miaka ya tisini ukuta wa upande wa mvua ulipigwa plasta ya saruji ili ufanane na nyumba za kisasa. Mawe yale yameshikwa na udongo, na udongo unataka kupumua: unyevu unaingia, jua likiwaka unatoka. Saruji ilifunga njia ya kutoka. Maji yaliyopenya kwenye nyufa yakabaki ndani, udongo ukalainika, na plasta ikaanza kuvimba na kudondoka mapande mapande. Baba mkubwa aliuonyesha ukuta ule kwenye kikao akasema, "Ufa tumeshindwa kuuziba, sasa tujenge ukuta." Watu walicheka, na kwa kweli hoja ilikuwa nzuri.

Nilipoanza kuuliza nani alijenga, kila mtu aliniambia babu. Shangazi peke yake aliniambia habari nyingine. Fundi mwashi alilipwa na babu, ni kweli. Lakini mawe yalitoka mtoni, na waliyoyabeba ni bibi na wanawake wa jirani, asubuhi kabla ya kwenda shamba, jiwe moja moja kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba. Siku ya Jumamosi bibi aliwapikia, akawapa na kimpumu. Bibi alikuwa na mimba. Mtoto aliyezaliwa ndiye shangazi.

Baba aliwahi kuniuliza kama serikali haiwezi kuilinda nyumba hii. Nikaenda kuisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Jengo la baadaye linasubiri waziri alitangaze. Kwa hesabu hiyo nyumba ya babu imechelewa miaka 94. Na nyumba ya mianzi, ile aliyoistaajabia Thomson, haikuwa na nafasi kabisa, kwa kuwa haikukusudiwa kufika umri wa kulindwa na sheria. Basi nikamwambia baba: serikali haitakuja. Tupo sisi.

Ndipo nikamuuliza shangazi, jioni moja tukiwa tunamenya ndizi barazani.

"Shangazi, wewe unaonaje, ibomolewe?"

"Baba, wewe unalala humu siku ngapi kwa mwaka?"

"Kama nne hivi."

"Mimi nalala zote. Juni na Julai humu ndani nguo hazikauki. Dirisha la chumbani kwangu ni kama la choo. Nikitaka kusoma Biblia mchana nawasha taa."

"Kwa hiyo ibomolewe?"

"Nimesema nataka dirisha. Kubomoa hamjaniuliza."

Nilipeleka maneno hayo kikaoni kama alivyoyasema. Palikuwa na ukimya, kisha makelele, kisha saa tatu za mazungumzo ambayo siwezi kuyaandika yote kwa sababu ni ya watu wanaoheshimiana. Yalitoka mambo ya 1983, mambo ya ng'ombe wa mahari, na mambo ya nani alimuuguza bibi. Hapo ndipo nilipoielewa nyumba. Zamani, kwa ugomvi wa namna ile, mmoja angehama akajenga mianzi yake upande wa pili wa mto, na ugomvi ungekufa kwa kukosa jirani. Jiwe halikuruhusu. Ukishajenga ukuta wenye unene wa mkono na kupanda kahawa pembeni, umejifunga kuishi na watu wale wale hadi mpatane. Babu alinunua kudumu kwa pesa ya Wenela, na bei yake nyingine tunailipa sisi, kwa vikao.

Tulikubaliana hivi. Plasta ya saruji imebanduliwa na mawe yamejaziwa udongo upya. Bati litabadilishwa pesa ikipatikana. Chumba cha shangazi kimepata dirisha la kweli: fundi aliweka nguzo za muda, akatoa mawe taratibu, akamwaga lenta yenye nondo juu yake, na mawe yaliyotoka yamekuwa ngazi ya kushukia bustanini. Baba mkubwa amepewa sehemu ya chini, kwenye kahawa iliyokufa, ajenge vyumba vyake vya kupangisha. Bado ananung'unika kwamba sehemu yenyewe ina mteremko, na ni kweli ina mteremko.

Jambo moja halijaamuliwa: baada ya shangazi, nyumba ni ya nani. Kila mtu ana jibu lake na kila mtu ana shahidi wake. Hilo tutaligombania Desemba, wote tukiwa nyumbani, na hakuna wa kuhama.