KASULU: FISI WA UDONGO NA KIKOHOZI CHA BIBI

Ukitoka Kibondo kwenda Kasulu usivae shati jeupe. Lami isikudanganye. Ukishuka basi tu na kukata mtaa, vumbi jekundu la Buha linakupaka mpaka kope. Huku tanuri la matofali, kule mihogo imeanikwa, na katikati mzee anakusalimia "mwakeye" huku akipiga makofi taratibu. Usipite kama upo Kariakoo! Salamu ya Waha haina haraka, simama uimalize.

Mimi nilifuata fisi. Fisi wa udongo, kimo chake kama chupa ya soda, anayetembea ndani ya laptopu ya binti mmoja wa hapa mjini. Ndiyo ile stopu mosheni: unapiga picha, unasogeza mguu kidogo, unapiga nyingine. Sekunde moja ya sinema ni fremu 24. Binti anaipa kila picha fremu mbili, kwa hiyo picha 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Si mchezo.

Wengi wanadhani ukishapiga picha umemaliza. Wapi! Unaanza kufuta picha zilizonasa vidole. Halafu kuna waya uliomshikilia fisi alipokuwa anaruka: unachukua picha ya mahali pale pale bila fisi, unaziba nayo waya, picha moja moja. Halafu mwanga. Kasulu iliungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2022, lakini yeye alipigia dirishani, na mawingu ya milimani hayana adabu. Fisi anang'aa, anafifia, anang'aa, kama yupo disko. Kila picha irekebishwe ifanane na jirani yake. (Mengine huachwa. King Kong wa mwaka 1933 manyoya yanamchezacheza kwa sababu ya vidole vya mafundi waliokuwa wanamsogeza, na dunia ilimzimia hivyo hivyo.)

Jirani zetu Kongo wanaye Jean-Michel Kibushi, aliyeanzisha studio ya Malembe Maa mwaka 1988 kwa kazi za namna hii. Malembe kwa Kilingala ni polepole. Jina limekaa!

Kilichomkalisha binti usiku mzima ni sauti. Hadithi anaisimulia bibi yake, kwa Kiha, imerekodiwa kwenye simu. Sekunde 70, yaani picha 840. Baada ya kufuta vidole zimebaki 700. Na bibi alishafariki. Fisi naye, udongo ulikauka ukapasuka, mguu mmoja upo kwenye kopo la maziwa. Hakuna cha kurudia.

Mshkaji wake mwenye banda la video akaja na dawa. Katikati ya hadithi bibi anakohoa, ananyamaza, anaomba maji, kama sekunde 12 hivi.

"Kata, dada'angu. Nani alipe kiingilio asikilize kikohozi?"

Hesabu inamkubalia kabisa, pengo linakwisha papo hapo. Binti akagoma.

"Hapo ndipo bibi yupo mwenyewe. Kwingine kote anasimulia hadithi ya watu."

Akachambua picha 140 ambazo fisi amesimama au anageuka taratibu, kila moja akaipa fremu nne badala ya mbili. Nusu yake akazipanga juu ya kikohozi. Mwendo umekuwa wa kusitasita kidogo, fundi wa Ulaya angenuna, lakini mimi naona umemfaa fisi kuliko ule wa kwanza.

Tulipoiangalia, watoto wa nyumba ya jirani walikuwa wamejaa mlangoni. Bibi akakohoa. Fisi akainua kichwa, akatulia.

"Anasubiri bibi anywe maji," mmoja akawaeleza wenzake.

Binti hakugeuka. Alikuwa ameshaona sekunde ya 41 waya bado unaonekana.